Mama Majina na Fundi Aliyepotewa na Majina

Mtu akiniuliza wifi yangu anafanya kazi gani, humjibu kwamba anauza hewa. Mwenyewe ananijua, hakasiriki. Wifi na wifi wasipochokozana, ujue nyumba hiyo ina jambo.

Kazi yake ni redio. Alasiri za siku za kazi anaingia katika chumba chao kidogo kilichobandikwa sponji ukutani, anavaa visikilizio, na anawaeleza watu maneno ya Kiingereza ambayo, nina hakika, hata wenye Kiingereza chao wengi hawayajui. Kipindi kinaitwa Lina Jina. Ukiona kitu nyumbani kwako, au mwilini mwako, na hujui kinaitwaje, unampigia simu. Naye ataapa kwamba kina jina, hakuna kitu kisicho na jina, hebu mpe mpaka kesho. Mtaani wamembatiza Mama Majina, na jina hilo limemganda.

Mimi ni dada wa mumewe, tumbo moja. Kaka ni fundi cherehani, na nimefanya naye kazi dukani kwake tangu ujana wetu. Yeye anapima, anakata, anashona. Mimi natoboa matundu ya vifungo, napiga pasi, na nagombana na wateja. Kila mtu na kipaji chake.

Mama Majina ana utaratibu wake, na hauvunji hata umlipe. Kitu anakieleza kwa kazi yake kwanza, kisha mahali pake, na jina linakuja mwisho. Anasema ukianza na jina, mtu anashika jina na kuacha kitu. Kwa hiyo utamsikia: "Tazama kidole gumba chako. Pale ukucha unapotokea kwenye ngozi kuna kipande cheupe, kimepinda kama mwezi mchanga. Hapo ndipo ukucha unapoota. Umekiona? Kinaitwa lunula. Ni Kilatini, maana yake kamwezi." Siku hiyo duka zima tulikuwa tumeinua vidole gumba. Mteja aliyekuja kuchukua gauni lake alisimama mlangoni akatuangalia, akaona heri arudi baadaye.

Kinyozi wa jirani aliuliza ule mfereji mdogo kati ya pua na mdomo, pale anapopitisha wembe kwa adabu, unaitwaje. Filtramu. Mama mmoja aliuliza kama ile harufu ya udongo mkavu ukipata mvua ya kwanza nayo ina jina. Petrikori. Na mimi tumbo langu likinguruma mchana, wifi anaachia simu yake, ananyanyua kidole: "Wifi, hiyo ni borborigmi." Namwambia, "Hiyo ni njaa. Leta chakula."

Jambo jingine: neno haliendi hewani mpaka yeye mwenyewe akione kitu kikifanya kazi. Alipotaka kueleza kile kifuniko kigumu kilicho kwenye ncha ya kamba ya kiatu, ambacho kumbe kinaitwa agleti, alikuja dukani, akachukua mkasi, akakikata, kisha akahangaika kuipenyeza ile kamba kwenye tundu huku nyuzi zikimchanukia. "Unaona sasa kazi yake?" akasema kwa furaha. Niliona, kwa sababu kiatu kilikuwa changu.

Lakini redio ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo aliuleta nyumbani. Redioni, kunyamaza ni dhambi. Mtangazaji akikaa kimya kidogo tu, fundi mitambo anagonga kioo, na bosi anapiga simu kuuliza kama umeme umekatika. Basi wifi amezoea kuziba kila ufa. Ukisita kutafuta neno, yeye ameshakuletea matatu uchague. Kaka naye tangu utotoni ni mzito wa maneno, anayatoa kama mtu anayebania chumvi. Ndoa yao ikaenda hivyo miaka na miaka: mume anaanza sentensi, mke anaimalizia, wanacheka. Nani angeona ubaya hapo?

Kisha kaka akapigwa na kiharusi. Ilikuwa asubuhi, amesimama mezani anakata kitambaa, na chaki ikamdondoka. Aliiangalia chaki pale sakafuni, akaniangalia mimi, akafungua mdomo, pakatoka sauti isiyo neno. Nilimdaka kabla hajaanguka. Sitaki kuyasema mengi ya wiki zile za hospitali. Nililia mpaka nikachoka na kilio changu mwenyewe.

Mungu si wa mmoja. Mkono ulirudi taratibu, mguu wa kulia ukabaki mzito kidogo, na kusema alianza kusema. Tatizo likawa majina. Alikuwa anaweza kukwambia "nimechoka" au "leo kuna baridi", lakini ukimwonyesha kijiko, anakitazama, anakijua, anakula nacho, na jina haliji. Mkasi, jina haliji. Kiti alichokikalia, jina haliji. Daktari, mama mmoja mpole, alituita mimi na wifi akatuambia hali hiyo inaitwa anomia. Siku nyingine wifi angelipokea neno hilo kwa vifijo. Siku ile alilirudia kwa sauti ndogo, kisha akauliza kazi yake.

"Kitu anakijua," daktari akasema. "Kazi yake anaijua. Njia ya kuliendea jina ndiyo iliyoharibika. Anaweza kulifikia, lakini kwa kuzunguka, na kwa kuchelewa."

Kwa kuchelewa. Neno hilo wifi hakulisikia, au alilisikia likampita. Yeye alisikia kwamba mumewe amekosa majina, na majina ndiyo mali yake. Alijua atamtibu mwenyewe. Kaka akinyoosha mkono kwenye meza, kabla hajavuta pumzi: "Chumvi? Maji? Kikombe? Sahani?" Kaka anatikisa kichwa. "Kijiko? Mkate? Redio?" Anamrushia maneno kama mtu anayefukuza kuku. Kaka akawa anarudisha mkono, anashuka macho, anaacha. Nikamwambia wifi, "Mwache mwanaume apumue." Akanijibu kwamba anampa msaada. Nikanyamaza, na kunyamaza si tabia yangu.

Tulipomrudisha dukani, wateja walifurahi. Mikono yake ilikuwa ileile. Anakupima, anakata, huoni tofauti. Nikaanza kuamini mambo yatanyooka. Ndipo ikaja siku ya suruali.

Ilikuwa ya bwana arusi, sufu nzuri ya kijivu. Nilikuwa naipiga pasi, mteja akaniita mlangoni, nikaiweka pasi pembeni, au nilidhani nimeiweka pembeni. Wifi alikuwa amepita dukani baada ya kipindi, amekaa na kaka upande wa pili wa meza kubwa. Kaka akaona moshi. Mguu wake haukumruhusu kuruka, akanyoosha kidole: "Ile... ile..."

"Maji?" akasema wifi. "Unataka maji?"

"Ile ya..."

"Dawa? Simu? Dirisha, nifungue dirisha?"

Alikuwa ameelekeza macho kwenye mdomo wa mumewe kuvua neno, na kidole hakukifuata. Mwishowe akakimbilia maji. Niliporudi ndani nilimkuta wifi amesimama na kikombe, kaka ameshajiburura mpaka kule na kuinyanyua pasi, na suruali ya bwana arusi ina alama ya pasi nzima pajani, ungedhani ndivyo ilivyofumwa.

Bwana arusi alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, na kilichosikiwa na mtaa kilimfikia baba mdogo. Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yetu. Duka lile walilifungua wao wawili, na baba alipofariki, ufunguo wa pili ulibaki kwake, na neno la mwisho pia. Si mtu mbaya. Hospitalini alilia kuliko sisi. Lakini akishaamua jambo, ameamua kwa ajili yenu nyote. Akatuma habari: mpangaji amepatikana, mtu wa kuuza vifuniko vya simu, na yeye mwenyewe, baba mdogo, atakuja kuchukua ufunguo wa kaka ili mgonjwa apumzike nyumbani. Mtu asiyeweza kusema "pasi", alisema, hawezi kuachiwa pasi.

Nilipandwa na hasira nikashindwa hata kula. Apumzike nini? Kaka bila duka lile ni mtu wa kuwekwa kwenye kiti na kusubiri kulishwa. Angekufa huku anapumua. Hilo nililijua, na wifi alilijua.

Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, wifi alikuja akaiweka ile suruali mezani mbele ya mumewe.

"Ulitaka kusema pasi," akamwambia.

Kaka akaitikia kwa kichwa.

"Nami nikakuletea maji."

Akaitikia tena. Kisha akaanza kutafuta neno, tukaliona linavyomsumbua shingoni. Wifi akavuta pumzi amsaidie, nami nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Tukakaa. Cherehani ya jirani ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

"Huningoji," kaka akasema.

Ndilo neno zito kuliko yote aliyokuwa ametoa tangu hospitali, na wifi alilipokea bila kujitetea. Alilia, ndiyo, lakini kidogo. Mama Majina si mtu wa kukaa na kosa lake akilibembeleza. Alifuta uso, akasema, "Haya. Basi nitajifunza kunyamaza," kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba atajifunza kuendesha gari.

Na alijifunza, ingawa ilimtesa. Njia yake ilikuwa kukalia mikono. Kaka akianza kutafuta neno, wifi anaiingiza mikono chini ya mapaja, anaikalia, anauma mdomo wa chini, anatoa macho. Nilimwambia, "Wifi, ungejiona. Kama unataka kutaga." Akanipa jicho moja, mdomo ukabaki umefungwa. Nikajua safari hii ana nia ya kweli.

Ndipo tukagundua kwamba kaka akipewa nafasi, anafika. Hafiki kwa barabara kuu, anapita uchochoroni. Mkasi akauita cha kukatia. Pasi ikawa ya moto. Futi ya kupimia, ule utepe mrefu wenye namba, aliiita nyoka wa hesabu, na kwa kweli sasa mimi mwenyewe siiiti vingine. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kazi yake anaijua, mahali pake anapajua," akaniambia. "Limebaki jina tu, na jina ndilo la mwisho siku zote." Hata kipindi chake kilibadilika kidogo. Mpigaji simu akisita, alikuwa hamkatizi tena. Bosi alilalamika, yeye akamjibu kwamba watu wanafikiri, na kufikiri hakuna sauti.

Siku ya baba mdogo ikafika. Wifi aliomba ruhusa kazini, wakaweka muziki mahali pake. Tulifagia duka, tukapanga vitambaa, kaka akavaa shati jeupe alilojishonea mwenyewe. Baba mdogo akaja na shangazi yetu, dada yake, ili awe shahidi. Alikuwa amevaa koti jipya la dukani, la bluu, na uso wa mtu anayekwenda msibani.

"Wanangu, sikuja kumwonea mtu," akasema akishakaa. "Nimekuja kwa huruma."

"Huruma ya kumnyang'anya mtu ufunguo," nikasema. Shangazi akanifinya.

Baba mdogo akanyoosha mkono mezani, akachukua mkasi, akauinua mbele ya kaka. "Mwanangu, hiki kinaitwaje?"

Kaka akautazama. Nilimwona wifi pembeni yangu akiingiza mikono chini ya mapaja. Shangazi alianza kusogeza midomo, "mka, mka," kama anayemfundisha mtoto, na wifi akamtazama mpaka akaacha.

"Cha kukatia," kaka akasema.

"Jina lake."

"Cha... kukatia."

Baba mdogo akauweka chini polepole. Akachukua kifungo. Kaka akatafuta, akatafuta, akasema, "Cha kufungia." Baba mdogo akagusa pasi, nayo ilikuwa baridi. "Ya moto," kaka akasema. Shangazi akatoa leso. Mimi damu inanichemka, nataka kumuuliza baba mdogo kama alikuja kumwangalia mtoto wa kaka yake au kumsahihisha mtihani. Lakini nikamwangalia wifi. Mwanamke yule, ambaye maneno ndiyo riziki yake, ambaye angeweza kumzungusha baba mdogo kwa Kiingereza na Kilatini mpaka asahau njia ya nyumbani, alikuwa amekaa kimya, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni, hayafuti kwa sababu mikono ameikalia.

"Basi," akasema baba mdogo, na sauti yake ilikuwa imevunjika kweli. "Mmesikia wenyewe." Akasimama, akanyanyua mkono kuutoa ufunguo kwenye msumari ulio juu ya mlango.

Koti lote likapanda naye. Mkono ulipokwenda juu, kola ikamfika masikioni, kishikizo cha tumboni kikapanda kifuani, na shati likachungulia kiunoni. Na kaka, ambaye alikuwa amekaa na macho chini, akainua uso, akaona. Akacheka. Si kicheko cha dharau. Ni kile cha fundi anapokutana na upuuzi wa fundi mwenziwe.

"Vua," akasema.

"Nini?"

"Vua. Hilo."

Baba mdogo alituangalia sisi. Hakuna aliyemsaidia. Akavua. Kaka akalipokea koti, akaligeuza ndani nje, akaingiza ngumi yake pale mkono wa koti unapounganika na kifua, akaizungusha, akatikisa kichwa.

"Hapa," akasema, na tukangoja. "Hapa pameshuka. Mno. Mkono ukipanda..." Akasita. "Mkono ukipanda, unabeba nyumba nzima."

Akanyoosha mkono kwangu. "Nyoka." Nikampa futi. Akampima baba mdogo bega, kwapa, bega jingine, akamgeuza kama anavyomgeuza mteja yeyote, akimwambia "simama wima" na "usijibane", maneno yasiyomsumbua hata kidogo. Kisha "cha kukatia". Nikampa. Akaanza kufumua bega uzi mmoja mmoja. Alilipandisha lile bega, akapunguza kitambaa kilichozidi, akaurudisha mkono mahali pake kwa pini. Nilishika pale alipotaka nishike. Alikuwa anasema "vuta" na "legeza" na "hapo hapo", na mimi navuta na kulegeza. Hakuna aliyeondoka. Shangazi alisahau leso mapajani. Baba mdogo alikaa na shati lake akitazama ile mikono, na nadhani alikuwa anamwona marehemu kaka yake, maana mara mbili alipangusa pua bila sababu.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye kizingiti cha mlango koti lilipotoka chini ya sindano. Nilipasha pasi moto, na safari hii sikuondoka. Baba mdogo akavaa. Akanyanyua mkono wa kulia, kwa woga kidogo. Koti likabaki kifuani pake. Akanyanyua wa kushoto. Akanyanyua yote miwili, akasimama katikati ya duka mikono juu kama mtu aliyekamatwa, na koti halikusogea.

"Na mteja akija," akamwuliza kaka huku mikono ingali juu, "mgeni kabisa, hakujui, utamwambiaje?"

Kaka akafikiri. Hatukumharakisha.

"Nitamwambia karibu," akasema. "Avue koti."

Baba mdogo akashusha mikono. Aliuangalia ule ufunguo juu ya mlango, akauacha ulipo. "Yule wa vifuniko vya simu," akasema, "nitamwambia atafute pengine." Kisha, kama ilivyo desturi ya wanaume wa kwetu wanaposhindwa na moyo, akatafuta pa kujificha. Akaingiza kidole kwenye tundu la mkono wa koti, akamgeukia wifi akijifanya mchangamfu. "Haya, Mama Majina. Hapa panapopita mkono, kwa Kiingereza chenu, napo pana jina?"

Pana jina. Wifi alishalisema redioni, nakumbuka vizuri, maana alinikatia blauzi ili aone kazi yake: aamsai. Ni neno ambalo hata washonaji wengi hawalijui, na alijivuna nalo wiki nzima. Akatoa mikono yake chini ya mapaja. Akafungua mdomo. Akamtazama mumewe aliyesimama na pini bado mdomoni, akafungua mdomo tena. Hamna. Mwanamke mwenye majina yote ya dunia hakuwa na hata moja.

"Ni nini?" baba mdogo akauliza. "Ni mkono? Ni kwapa? Ni..."

Kaka akatoa pini mdomoni, akamgusa begani.

"Mwache, baba mdogo. Analitafuta."

Tukakaa kimya wote, hata mimi.